Emuleta inajifunga ghafla umeme ukirudi: mashine ya mizani ya korosho, naombeni macho yenu

FundiChikongola (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo limenikesha siku ya sita leo, na kila nikidhani nimelishika linaniponyoka.

Kuna chama cha msingi kimoja huku kwetu, ukishika njia ya Newala. Wana programu ya kupimia na kuandikisha korosho iliyoandikwa enzi za DOS. Aliyeiandika ameshatangulia mbele ya haki na msimbo wake wa asili hakuna aliyebaki nao. Programu inaongea na mizani kupitia kadi ya ISA, zile ndefu za zamani, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu: inapokea herufi kutoka kwenye mizani, ikishapata mstari mzima inaigutua kompyuta kwa intarapti, programu inasoma uzito. Kompyuta iliyobeba kadi hiyo ni Pentium iliyochoka, ukiiwasha unasubiri kwanza uone kama imeamka.

Nikawaambia viongozi wa chama tutaihamishia kwenye QEMU. Kwa asiyeijua, hii ni programu huria inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine, aliianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Unawasha DOS ndani yake, unaionyesha diski, kibodi, bandari za mawasiliano, nayo DOS inaamini iko kwenye chuma halisi. Kadi yetu ya mizani haimo, hivyo niliiandika mwenyewe kwa lugha ya C nikaikompaili humo. Mizani inaingia kwa kibadilishi cha USB, `/dev/ttyUSB0`.

Inafanya kazi vizuri kabisa, hadi umeme ukatike.

Kompyuta iko kwenye UPS, mizani haiko. Umeme ukikatika mizani inazima papo hapo, kompyuta inabaki na dakika zake chache. Nimeandika skripti inayotuma `savevm jioni` kwenye monita ya QEMU kisha inazima kila kitu kwa adabu. Umeme ukirudi tunaanza na `-loadvm jioni` ili karani aendelee palepale alipoishia. Sasa pale mizani inapotuma uzito wa kwanza, dirisha la QEMU linatoweka na terminali inaniachia maneno haya tu:

`Segmentation fault (core dumped)`

Si kila mara. Ni kama nusu ya mara. Nikiwasha upya bila `-loadvm` haijifungi.

Nilichokwisha kufanya: nimepima RAM usiku kucha, ni nzima. Nimebadilisha UPS. Nimeacha KVM nikatumia `-accel tcg`, inajifunga vilevile. Shaka yangu iko kwenye `savevm`, nadhani inahifadhi vibaya.

Tuko kwenye majaribio, karani bado anaandika daftarini na hakuna mkulima aliyelipwa kwa mashine hii. Lakini minada ya korosho huanza Oktoba na leo ni mwisho wa Agosti.

---

Masasi_kwetu

Pole sana mkuu. Hilo la kujaribu `tcg` ni la maana kuliko ulivyoliandika. KVM inamwachia prosesa halisi atekeleze maagizo ya mashine ya ndani, TCG inayatafsiri maagizo hayo kwanza, kipande kwa kipande. Ni njia mbili zisizofanana kabisa. Ikifa kwa zote mbili, kosa huenda haliko kwenye kuiga prosesa, liko kwenye vifaa. Na kifaa kigeni hapo ni kimoja.

Sitaki kukutia hatiani kabla ya ushahidi. Terminali imekwambia imetupa faili la core (picha ya memori ya programu ilipokufa), litafute. Kama unatumia systemd andika `coredumpctl gdb` (gdb ni kichunguzi cha programu), ukishaingia andika `bt` uone nani alimwita nani. Kama halipo, weka `ulimit -c unlimited` kabla ya kuwasha kisha uisubirie ife tena. Na utuambie ni signali namba ngapi. Ikiwa 6, QEMU ilijizima yenyewe baada ya kuona jambo lisilowezekana. Ikiwa 11, imegusa memori isiyo yake.

---

FundiChikongola

Ahsante mkuu. Ni 11. Nimepata core mbili, ya juzi na ya leo. Hii ya juzi:

```
#0  qemu_set_irq (irq=0x550a0d676b35, level=1)
#1  mizani_pokea (opaque=<optimized out>, buf=..., size=2)
#2  qemu_chr_be_write (...)
#3  fd_chr_read (...)
#4  g_main_context_dispatch ()
#5  main_loop_wait ()
```

Ya leo ni hiyohiyo mstari kwa mstari, isipokuwa `irq=0x55d4c81f0a0d`. Nikimwuliza gdb `p *s` ananijibu `optimized out`. Kinachonichanganya ni kwamba anayekufa ni `qemu_set_irq`, na huyo ni wa QEMU wenyewe, mimi sijamgusa. Pia kila mara anakufa na anwani tofauti.

---

BintiMikindani

Kaka Fundi, habari za usiku. Ziangalie hizo anwani mbili polepole, kwa sababu jibu limeandikwa humo humo.

Kwanza, pointa (anwani ya memori) iliyotolewa na malloc, mgawaji wa memori, kwenye mashine ya biti 64 kwa kawaida huwa kigawe cha 16, yaani ukiiandika kwa heksa huishia na 0. Yako ya juzi inaishia na 35 na ya leo na 0d. Hizo zote ni namba witiri, pointa haikuzaliwa hivyo. Kuna mtu kaiandika juu yake.

Ameandika nini? Prosesa zetu huweka baiti ndogo mbele, kwa hiyo isome pointa kutoka kulia kwenda kushoto, baiti moja moja:

35, 6b, 67, 0d, 0a, 55

Chukua jedwali la ASCII. 35 ni tarakimu 5. 6b ni herufi k. 67 ni herufi g. 0d na 0a ni zile alama mbili za kumaliza mstari. Baada ya hapo 55, ambayo ndiyo baiti halali iliyosalia ya anwani ya zamani.

Kaka, humo ndani ya pointa yako mmeandikwa "5kg" na mwisho wa mstari. Ni uzito wa korosho.

Ya leo nayo: 0d, 0a, kisha 1f, c8, d4, 55. Leo zimeingia alama mbili tu za mwisho, zilizobaki ni anwani yenyewe. Ndiyo maana anwani hazifanani. Kitu kilekile kinafurika, juzi kwa baiti tano, leo kwa baiti mbili.

`qemu_set_irq` hana kosa. Yeye kapewa anwani ya nyumba isiyokuwepo akaenda kubisha hodi. Tuonyeshe `mizani_pokea`, na utuonyeshe muundo wako umepanga nini baada ya nini.

---

FundiChikongola

Dada, nimeisoma mara tatu kisha nikaenda kuchukua jedwali la ASCII nikahakiki kwa mkono. Ni kweli tupu. Siku sita naziangalia namba hizo.

Hii hapa:

```c
typedef struct MizaniState {
    ISADevice parent;
    MemoryRegion io;
    CharBackend chr;
    uint32_t hali;
    uint32_t urefu;
    uint8_t  mstari[24];
    qemu_irq irq;
} MizaniState;

static void mizani_pokea(void *opaque, const uint8_t *buf, int size)
{
    MizaniState *s = opaque;
    for (int i = 0; i < size; i++) {
        s->mstari[s->urefu++] = buf[i];
        if (buf[i] == '\n') {
            qemu_set_irq(s->irq, 1);
            s->urefu = 0;
        }
    }
}
```

Mstari wa mizani ni `ST,GS,+00050.5kg` na alama mbili za mwisho, jumla baiti 18 daima. Nikaweka nafasi ya 24 nikiamini inatosha na kubaki.

---

Masasi_kwetu

Hapo hakuna kinachouliza kama `urefu` umefika 24. Na jirani wa mlango wa pili ni `irq`, pointa ya intarapti. Lakini swali halijaisha: 18 inaingia kwenye 24 bila shida. Ilifikaje huko?

---

MzeeNdoro

Wanangu, nimewasoma kimya. Mimi wa Lindi, kompyuta siijui sana ila mizani nimeifungua na kuifunga zaidi ya miaka ishirini, nikamsaidia sana karani na kuiandaa kwa siku ya kugongwa muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Mizani ya namna hiyo ikiwekwa kwenye kutuma mfululizo haingoji kuulizwa. Inatuma mstari, inapumua kidogo, inatuma mwingine, kama mara tano kwa sekunde. Zipo za zamani zinazotuma kwa kasi ya 1200, yaani biti 1200 kwa sekunde. Umeme ukikatika haimalizii sentensi. Inakatika katikati ya neno. Ukirudi inaanza upya kuanzia S.

Sasa mwanangu Fundi, kadi yako hiyo ya kuiga, nusu sentensi ya jana inaiweka wapi?

---

FundiChikongola

Mzee wangu, shikamoo. Inaiweka palepale na kuisubiri nusu ya pili. Umeme umekatika baiti 11 zimeshaingia, `urefu` ukabaki 11. UPS ikashikilia, skripti ikahifadhi, na `savevm` ikaihifadhi hiyo 11 kwa uaminifu wote. Asubuhi mizani ikaanza S mpya, 18 juu ya 11 ni 29. Baiti tano za mwisho zikapita ukuta: 5, k, g na alama mbili. Ile ya mwisho ndiyo inayoamsha `qemu_set_irq`, ambayo pointa yake imeshaharibiwa sekunde hiyohiyo.

Nimeijaribu bila mizani ili nisiwe nabahatisha. Nimeondoa `/dev/ttyUSB0`, nikaweka soketi:

`-chardev socket,id=mz,host=127.0.0.1,port=4555,server=on,wait=off`

Kwenye terminali nyingine nikatuma `ST,GS,+0000` nikaishia hapo, halafu mstari kamili. Imekufa. Nimerudia mara kumi, mara kumi imekufa, na kila mara gdb anaonyesha 5kg ileile kwenye mkia wa pointa. Na hayo yote bila `-loadvm` hata mara moja! Kwa hiyo nafuta nilichosema juu ya `savevm`. Haikuharibu kitu. Hata umeme ukirudi kabla UPS haijaisha, ingekufa tu.

Nimepiga na hesabu ya "nusu ya mara". Kwa kasi ya 1200 kila baiti, pamoja na biti zake za kuanzia na kumalizia, ni biti 10, sawa na milisekunde 8.3. Mstari mzima ni milisekunde 150, na mistari mitano kwa sekunde ina maana mmoja kila milisekunde 200. Umeme ukikatika baiti 6 au pungufu zimeingia, 6 na 18 ni 24, zinaenea. Zikiwa zimeingia 7 hadi 17, inafurika. Hizo ni baiti 11, kama milisekunde 92 katika 200. Asilimia 46.

Sasa ndiyo naelewa kwa nini haikuwa ikifa kila mara.

---

Masasi_kwetu

Hesabu safi. Kompaili upya na `--enable-debug` uzione `urefu` na `mstari` kwa macho, kisha na `--enable-asan`, mkaguzi wa memori. ASan itakuonyesha mstari wenyewe unaofurika.

---

FundiChikongola

`--enable-debug` imeonyesha `urefu = 29`, hapo hakuna la kuongeza. Ila ASan haikusema chochote kuhusu kufurika! Imenyamaza hadi QEMU inapokufa kwa signali 11, ndipo inatoa ripoti ya kifo. Nimeitumia vibaya?

---

BintiMikindani

Hujaitumia vibaya. ASan huzungushia ukuta kila kipande kinachotolewa na malloc, huweka walinzi nje ya kipande. `mstari` na `irq` wako ndani ya kipande kimoja, yaani ndani ya muundo mmoja. Baiti ikitoka kwenye `mstari` ikaingia kwenye `irq` haijavuka ukuta wowote, imehama chumba ndani ya nyumba ileile. Mlinzi wa nje haioni.

Tumia `--enable-ubsan`. Huyo anajua kuwa `mstari` ni safu ya 24, na ukiandika kwenye namba 24 anapiga kelele hapohapo. Kwenye matoleo ya nyuma kidogo ya QEMU hizi mbili zilikuwa chaguo moja, `--enable-sanitizers`, kwa hiyo angalia toleo lako. Au kama hutaki kukompaili tena, ndani ya gdb simama kwenye `mizani_pokea` kisha andika `watch s->irq`. Atasimama sekunde ile pointa inapoguswa na kukuonyesha nani kaigusa.

---

FundiChikongola

Nimefanya zote. UBSan imelalamika kwenye mstari ule ule, namba 24 nje ya safu ya 24. Na `watch` imesimama hapo hapo, thamani mpya ya pointa ikiishia na 35. Dada, Mungu akuzidishie.

---

Masasi_kwetu

Mkuu Fundi, usijione umefanya jambo la ajabu. Ugonjwa huu uliwahi kuikumba QEMU yenyewe, kwenye kifaa kinachoigwa cha kusomea diski za flopi. Mei 2015 ulitangazwa kwa jina la VENOM, CVE-2015-3456. Bafa (nafasi ya kuhifadhi kwa muda) ya baiti 512, namba ya nafasi inaongezeka kila baiti ikiandikwa, na kulikuwa na amri ambazo hazikuirudisha kwenye sifuri. Ukiendelea kuandika unatoka nje. Msimbo huo ulikuwemo tangu 2004, yaani miaka kumi na moja macho ya watu wengi yamepita juu yake. Na wenzetu wa VENOM hatari yao ilikuwa kubwa zaidi, maana mtu aliye ndani ya mashine ya kuigwa angeweza kutoka akaingia kwenye kompyuta mwenyeji.

Waliifunga kwa kugawanya namba ya nafasi kwa 512 na kuchukua baki, basi haiwezi kuzidi kamwe. Nawe fanya hivyo: `s->mstari[s->urefu++ % 24]`. Neno moja, umemaliza.

---

MzeeNdoro

Haitajifunga tena, sawa. Lakini uzito utakaosomwa ni wa nani?

---

FundiChikongola

Mzee, swali lako limenifanya nisilale, na nawaomba wote msome hapa taratibu, kwa sababu nimegundua kuwa kujifunga kulikuwa ndiyo sehemu nafuu ya tatizo hili.

Nimejiuliza: zile mara ambazo HAIKUJIFUNGA zilikuwaje? Umeme umekatika baiti 1 hadi 6 zimeingia, mstari uliounganishwa unaenea kwenye 24, QEMU inaendelea kama kawaida, programu inasoma. Inasoma nini?

Programu ya DOS haikagui mwanzo wa mstari. Inahesabu tu: kuanzia herufi ya 8 chukua herufi 7, huo ndio uzito. Kwenye mstari mzima herufi hizo ni `00050.5`. Sasa chukulia baiti moja tu ilikuwa imeingia, ile S ya kwanza:

`SST,GS,+00050.5kg`

Kila kitu kimesogea hatua moja kulia. Herufi ya 8 hadi ya 14 sasa ni `+00050.` na programu inaisoma kama 50. Nusu kilo imeondoka. Hakuna onyo, hakuna dirisha lililotoweka, karani anaona namba yenye sura nzuri kwenye skrini na kubonyeza Enter. Nimeijaribu kwenye mashine ya majaribio na imeandika 50.0 kwenye risiti.

Zikiwa baiti mbili inakuta koma mbele na kuikataa. Ni hiyo ya baiti moja tu inayopita, na inapita mara chache mno. Lakini ikipita, inampunja mkulima, na mkulima hana namna ya kujua. Sisi watu wa huku tunajua kilio cha kilo kilivyo. Kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho, imewanyonya wazee wetu kwa bakuli la kupimia, mfumo wa stakabadhi ghalani ukaja 2007 ili gunia lipimwe kwa mizani na liandikwe. Siwezi kupeleka kwenye chama kitu kinachokata nusu kilo kimyakimya kwa sababu tu hakijifungi.

Kwa hiyo mkuu Masasi, kugawanya kwa baki sitatumia. Kwenye flopi ilikuwa sawa, walitaka kuzuia mlango. Hapa itanificha ninachotaka kukiona.

---

Masasi_kwetu

Nimekuelewa na nimekubali. Narudi nyuma kwenye ushauri wangu.

---

Mpita_Njia_Ruangwa

Wakuu samahani, si muandike tu programu mpya muachane na DOS? Au mtumie DOSBox, emuleta nyingine ya DOS?

---

FundiChikongola

Ndugu, kumbukumbu za wanachama za misimu yote zimo kwenye faili ambazo programu hiyo pekee inazifungua. Programu mpya inakuja, ila kwanza hii ipumue. DOSBox kwa kadi hii bado ningelazimika kuiandika kadi, kazi ni ileile.

---

BintiMikindani

Kabla hujaandika kiraka, swali moja. Kadi ya kweli ilikuwa ikifanya nini umeme ukikatika katikati ya mstari? Kazi ya emuleta si kuwa na akili kuliko chuma. Ni kufanya kile ambacho chuma kilikuwa kinafanya, kwa sababu programu ya DOS ilizoea hicho. Ile Pentium bado inawaka?

---

FundiChikongola

Imewaka mara ya tatu. Nimekaa nayo jana kutwa nzima.

Nimeweka laptopu mahali pa mizani, ikituma kwa 1200. Nikituma nusu ya mstari na nusu ya pili ndani ya milisekunde 60, kadi inaziunganisha, uzito unasomwa sawasawa. Nikichelewesha hadi 120, nusu ya kwanza imetupwa kana kwamba haikuwahi kuja. Nimetuma mstari wa herufi 40 kwa makusudi: kadi imekaa kimya, mstari uliofuata ukapita vizuri. Na ile hila ya S moja, mara ishirini nimeirudia, mara ishirini uzito umetoka kamili.

Yaani aliyeitengeneza kadi hii aliliwaza suala la umeme. Aliweka saa ndani yake, kimya kikizidi kama sehemu ya kumi ya sekunde anafuta ubao. Mimi niliiga bandari zake, intarapti yake na bafa yake, saa sikuiona kwa sababu haionekani kwa kuangalia bandari. Nusu kilo ile haikuwahi kupotea kwa miaka yote. Ingeanza kupotea kwenye toleo langu.

---

MzeeNdoro

Mwanangu umefanya vema kuiuliza kadi yenyewe. Saa iweke milisekunde 10, baiti moja ni 8 na ushei, inatosha.

---

FundiChikongola

Mzee nimeijaribu 10 na mistari mizima imeanza kutupwa. Kwa 40 imetulia.

---

BintiMikindani

Ni kibadilishi cha USB hicho, Mzee. Baiti zikitoka kwenye waya hazipiti moja moja, chipu inazikusanya kwanza. Chipu za FTDI kwa kawaida zinasubiri hadi milisekunde 16 ndipo zinazipakia pamoja. Ndiyo maana kwenye core ya mwanzo tuliona `size=2`. Kwa hiyo QEMU inaona kimya cha 16 hata kama mizani haikunyamaza. Weka 100, ndivyo kadi yenyewe ilivyo.

Na sasa turudi kwa `savevm`, ambayo tuliisafisha mapema mno. Haikuwa na kosa hili, lakini ukiongeza saa utatengeneza jingine. Saa ya `QEMU_CLOCK_VIRTUAL` inasimama mashine ikisimama. Ukihifadhi mstari ukiwa katikati na saa imebakiza milisekunde 70, kisha ukafungua kesho, kwa mashine ni sekunde ileile na saa bado ina 70 zake. Usipoiandika saa kwenye orodha ya vitu vya kuhifadhiwa, haitalia kabisa, na `urefu` utabaki pale pale unangoja. Ukiiandika, bado mizani inaweza kuanza S kabla 70 hazijaisha.

`savevm` inahifadhi kompyuta. Mizani iko mezani, haimo kwenye faili la qcow2 (diski ya mashine ya ndani), na haijui kwamba kuna mtu aliyesimamisha saa. Kwa hiyo chochote ambacho kadi ilikuwa imekisikia nusu kutoka nje lazima kifutwe wakati wa kufungua.

---

FundiChikongola

Nimeshika, dada. Kiraka kimekaa hivi:

```c
for (int i = 0; i < size; i++) {
    timer_mod(s->kimya, qemu_clock_get_ns(QEMU_CLOCK_VIRTUAL)
                        + 100 * SCALE_MS);
    if (s->urefu < sizeof(s->mstari)) {
        s->mstari[s->urefu] = buf[i];
    }
    s->urefu++;
    if (buf[i] == '\n') {
        bool mzima = (s->urefu == 18);
        s->urefu = 0;
        if (mzima) {
            qemu_set_irq(s->irq, 1);
        }
    }
}
```

Saa ikilia inaweka `urefu` sifuri. Nimeongeza `VMSTATE_TIMER_PTR` kwenye orodha, na kwenye `post_load`, inayoitwa baada ya kufungua, naweka `urefu` sifuri bila kuuliza kilichohifadhiwa. Kama mizani itakuwa katikati ya mstari wakati wa kufungua, kitakachoingia ni mkia tu, tuseme `0.5kg`. Mkia huo haufiki 18, unatupwa, unaofuata unapita. Anachopoteza karani ni sehemu ya tano ya sekunde.

Tena nimehamisha `urefu = 0` ikatangulia `qemu_set_irq`. Sikupenda kuita msimbo wa mtu mwingine nikiwa sijasafisha kwangu.

---

Masasi_kwetu

Safi. Kama siku moja utaipeleka kadi hii kwa wenyewe, viraka vya QEMU vinatumwa kwa barua pepe kwenye orodha ya qemu-devel vikiwa na mstari wako wa `Signed-off-by`, na hitilafu zinaandikishwa GitLab. Pitisha `scripts/checkpatch.pl` kwanza, itakukosoa kila nafasi uliyosahau.

---

FundiChikongola

Wakuu, mrejesho wa leo.

Nimeandika skripti inayokata mstari kila mahali panapowezekana, kuanzia baada ya baiti 1 hadi baada ya 17. Kila mahali mara ishirini na mashine ikiendelea kuwaka, mara ishirini kwa `savevm` na `-loadvm`. Jumla mara 680. Haijajifunga hata moja, UBSan kimya, na uzito wa kwanza baada ya kila kukatika umesomwa 50.5.

Kisha nimeweka mizani yenyewe, jiwe la kupimia juu yake, na kuchomoa plagi ukutani kwa mkono mara thelathini. Thelathini zote sawa.

---

MzeeNdoro

Plagi ukutani ni jambo moja, umeme unaorudi kwa kusitasita ni jingine. Huwa unarudi, unaondoka, unarudi, ndani ya sekunde moja. Mizani inaanza S mara tatu kabla haijatulia. Hiyo umeijaribu?

---

FundiChikongola

Sijaijaribu, Mzee. Hiyo inaweza kuwa na kimya kifupi kuliko 100 kati ya S na S. Urefu hautakuwa 18, kwa hiyo itatupwa, lakini nataka niione ikitupwa. Naunganisha rilei kwenye waya wa mizani usiku huu, kesho nitaandika hapa.